Kibati Chini ya Manyoya

Mei 1977, Nolan Bushnell, mwasisi mwenza wa kampuni ya michezo ya video ya Atari, alifungua mgahawa wa piza mjini San Jose, California, akauita Pizza Time Theatre. Walaji walipoinua macho waliona sanamu zikiwatazama kutoka ndani ya fremu za picha: panya Chuck E. Cheese, mbwa Jasper T. Jowls, mpishi Pasqually, zikipepesa macho na kutaniana. Machi 1980 akatokea mshindani, ShowBiz Pizza Place, huko Kansas City, Missouri. Huyu alikuja na bendi nzima ya wanyama, Rock-afire Explosion, iliyoundwa Orlando, Florida, na Creative Engineering, kampuni ya Aaron Fechter.

Watoto waliokula piza mbele ya bendi hizo sasa ni watu wazima, na baadhi yao wamegeuka mafundi na wakusanyaji wa sanamu hizo za animatroniki. Miongoni mwa kazi zao ipo moja inayostahili sifa zaidi kuliko inazopata: kusoma vibati vya namba vilivyobandikwa kwenye mashine.

Umuhimu wake unatokana na historia ya biashara yenyewe. Mwaka 1984 Pizza Time Theatre ilifilisika, ShowBiz ikainunua. Kuanzia 1990 kampuni ikaamua matawi yote yawe na wahusika wa ukoo mmoja, ule wa Chuck E. Cheese. Sanamu za Rock-afire zikavuliwa manyoya na nyuso, zikavishwa nyingine. Sokwe Fatz Geronimo, mpiga kinanda, akawa zimwi la zambarau Mr. Munch. Mpiga ngoma Dook LaRue akawa Pasqually, na Mitzi Mozzarella akawa kuku Helen Henny. Chuma cha ndani kilibaki kilekile.

Basi anayemtazama Mr. Munch usoni huenda hajui anamtazama nani, mpaka asome kibati kilicho kwenye chuma hicho.

Fundi makini huanza na picha, kabla hajagusa chochote. Kisha humulika kibati kwa tochi kutoka ubavuni, ili kivuli kijae ndani ya tarakimu zilizogongwa na kufifia. Vumbi huliondoa kwa brashi laini na kavu; thina ingeweza kuondoa wino pamoja na uchafu. Tarakimu 8 hufanana na herufi B, sifuri na O, moja na I. Asiyokuwa na hakika nayo huiwekea alama ya kuuliza, wala hajazi pengo kwa kubahatisha.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Mnunuzi wa gari la mtumba Dar es Salaam hulinganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, na msomaji wa vibati naye huupa mwili wa sanamu nafasi ya kusema. Sanamu hizi huendeshwa kwa upepo wa kompresa: amri zilizorekodiwa kwenye kanda pamoja na nyimbo hufungua valvu, hewa huingia kwenye silinda, mkono unainuka. Mashine inayopiga muziki siku nzima huchakaa, hubadilishwa mipira na valvu, hata ikawa na viungo vya miaka tofauti.

Hapo ndipo bodi za saketi zinapotoa ushahidi. Chipu nyingi za zama hizo zina tarakimu nne za tarehe: mbili za mwaka, mbili za wiki. Yenye 8119 ilitengenezwa wiki ya 19 ya 1981, kwa hiyo, kama chipu hiyo haikuwekwa baadaye, bodi iliyoibeba haikuunganishwa kabla ya hapo. Lakini kuna mtego. Chipu maarufu za familia ya 7400 huandikwa pia namba ya aina, na 7404 inaweza kumdanganya mgeni akadhani ni wiki ya nne ya 1974. Mzoefu hutafuta mstari wa pili. Na akikuta chipu moja ya 1987 katikati ya wenzake wa 1981, anajua pale palipita mkono wa fundi wa matengenezo.

Ustadi huu unazidi kuhitajika. Mwaka 2024 Chuck E. Cheese ilitangaza kuziondoa bendi za sanamu karibu katika matawi yake yote Marekani, ikibakiza machache. Sanamu iliyotoka jukwaani inaweza kugawanyika, kichwa kikaenda kwa huyu na fremu kwa yule, na kibati chenyewe kikahamishwa. Ndiyo maana picha nzuri ya kibati huonyesha pia ribiti zake na rangi inayozizunguka: ribiti mpya juu ya rangi iliyochubuka ni sababu ya kutilia shaka kila kilichoandikwa. Ushahidi ukikubaliana, kumbukumbu ya sanamu huandikwa majina yote mawili, la awali na lile la baada ya 1990, pamoja na orodha ya viungo vilivyobadilishwa, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue aanzie wapi.