Haki ya Kuandika Mwisho

Mtambaji wa pwani, akifika mwisho wa ngano yake, huwagawia wasikilizaji uzuri wake na kuubeba mwenyewe ubaya wake. Katika desturi hiyo fupi mna mambo mawili mazito: hadithi ina kikomo, na yupo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kutamka kwamba imekwisha. Wachora katuni huru, hasa wanaotoa hadithi ndefu mtandaoni ukurasa kwa ukurasa, wameirudisha haki hiyo mikononi mwa fundi. Kwangu mimi hilo ndilo la kuwasifia kwanza, kabla ya mistari yao, rangi zao na vichekesho vyao.

Tazama kinachotokea haki hiyo inapouzwa. Mwaka 1938 vijana wawili kutoka Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Walimdai mahakamani wakashindwa, na ilikuwa mpaka 1975 ndipo walipokubaliwa posho ya kila mwaka na majina yao kurudishwa kwenye kazi. Dhuluma hiyo imesimuliwa sana. Hasara ya sanaa yenyewe husimuliwa kidogo. Mhusika aliye mali ya kampuni hawezi kuzeeka wala kufa, kwa maana kifo chake ni kufungwa kwa duka. Mwaka 1992 Superman aliuawa kwa kishindo. Mwaka uliofuata alikwisha rudi. Wasanii hodari wamemchora kwa miongo mingi, lakini hakuna kati yao aliyeruhusiwa kumfikisha mwisho wa kudumu wa safari, na hadithi isiyoweza kwisha humnyima mchoraji kipimo cha kila tendo. Jeraha halina uzito ikiwa msomaji anajua kwamba litafutwa.

Sasa mweke mchora katuni huru Jeff Smith kando ya hadithi hiyo. Kati ya 1991 na 2004 alichora *Bone* katika matoleo 55, yapata kurasa 1,300, mengi yake chini ya kampuni ndogo aliyoiendesha pamoja na mkewe, Vijaya Iyer. Alipofika mwisho, alimaliza. Howard Tayler naye alianza *Schlock Mercenary* mtandaoni tarehe 12 Juni 2000, akatoa katuni kila siku bila kukosa, Jumapili hata sikukuu, akaifunga tarehe 24 Julai 2020. Miaka 20! Huo si ukaidi wa kazi tu. Ukurasa wa namna hiyo huwatumikia wasomaji wawili kwa pamoja: yule wa leo, mwenye fremu chache tu na anayetaka kuondoka ameshiba, na yule atakayekisoma kitabu kizima baadaye kwa usiku mmoja, ambaye hataki kukwazwa kila baada ya hatua tatu na kichekesho kilichowekwa kufungia siku. Kuwaridhisha wote wawili kunadai kupima muda kama mpiga ngoma, kujua ni kiputo kipi cha maneno kisubiri, ni uso upi uachwe kimya. Ufundi huo haumei bila uhakika kwamba mbegu iliyofichwa leo utaivuna mwenyewe baada ya miaka 10.

Wapo watakaosema kwamba kugawa kurasa bure ni kuishusha thamani kazi ya mikono. Hofu hiyo ina msingi, lakini ushahidi unaelekea kwingine. Phil na Kaja Foglio walikuwa wakiuza katuni yao *Girl Genius* kama jarida la kuchapwa. Mwaka 2005 waliihamishia mtandaoni, kurasa 3 kwa wiki bila malipo, na vitabu vyao vikaendelea kununuliwa. Walitwaa Tuzo ya Hugo ya hadithi za picha miaka mitatu mfululizo, 2009 hadi 2011, kisha wakajitoa wenyewe katika kinyang'anyiro cha mwaka uliofuata ili wengine wapate nafasi. Mwaka 2012 mchora katuni wa mtandaoni Rich Burlew aliomba wasomaji wamchangie dola 57,750 ili vitabu vyake vya zamani vichapwe tena. Walimpa zaidi ya dola 1,250,000, kwa hadithi ambayo tayari ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma bure, na ambayo watu wake wamechorwa kama vijiti. Msomaji hulipa akiisha kupenda.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: katuni nyingi za mtandaoni hukatika njiani, mchoraji akishindwa na kodi ya nyumba au mkono wake ukichoka, na hakuna mhariri wa kumsukuma wala wa kumwambia kwamba sura ya tano imepwaya. Ni kweli, na inauma. Haki ya kumaliza inakuja pamoja na uwezo wa kutelekeza. Hata hivyo mhariri anaweza kuajiriwa na mwenye kazi, kama mchapaji anavyoajiriwa. Hakimiliki ikishauzwa haiajiriwi kurudi. Na hadithi iliyokatika bado ina mwenyewe, ambaye siku moja anaweza kuketi tena mezani akaiendeleza.

Kwa hiyo wewe unayechora Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, ukiletewa mkataba, usitazame kwanza kiasi cha fedha. Tafuta kifungu kinachosema ni nani atakayeruhusiwa kuandika neno "mwisho". Kama si wewe, rudisha karatasi na uendelee kuchora.