Programu za Kuchezea Sauti na Uaminifu wa Unukuzi wa Nyimbo Simulizi: Uhakiki wa Kimbinu kwa Mtafiti wa Kigera, Musoma

Utangulizi

Unukuzi ndio msingi wa uhakiki wa nyimbo simulizi. Kabla ya kujadili takriri, taswira au mdundo, mhakiki huwa ameisikiliza rekodi kwenye kompyuta, akaisimamisha, akairudisha nyuma na kuipunguza kasi. Hata hivyo, sura ya mbinu za utafiti mara nyingi hutaja kinasasauti na kuinyamazia programu iliyotumika kusikilizia. Uhakiki huu unachunguza iwapo programu hizo hutofautiana katika ubora wa sauti, na tofauti hizo zinamhusu vipi mtafiti wa kata ya Kigera, Manispaa ya Musoma, anayenukuu nyimbo za litungu la Wakuria au nyatiti ya Wajaluo, ala mbili za nyuzi nane zinazopatikana mkoani Mara.

Mitazamo miwili inayokinzana

Mtazamo wa kwanza hudai kwamba kila programu ina sauti yake. Mtazamo wa pili hudai kwamba programu zote ni sawa. Tukianza na wa kwanza, faili la WAV lenye kiwango cha CD huhifadhi sampuli 44,100 kwa kila sekunde katika kila chaneli, na kila sampuli ina biti 16. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, hulibana faili bila kupoteza sampuli hata moja. Kazi ya programu ni kuzisoma namba hizo na kuzipeleka kwenye kifaa cha sauti. Programu mbili zisizobadili chochote hupeleka namba zilezile.

Tofauti inayosikika basi hutoka kwingine. VLC huruhusu sauti kupandishwa zaidi ya asilimia 100, hali inayoweza kuikwaruza. Programu nyingine husawazisha ukubwa wa sauti kati ya faili na faili, au huongeza besi bila mtumiaji kutambua. Aidha, sikio la binadamu huelekea kuiona sauti kubwa kidogo kuwa bora zaidi. Ndiyo maana ulinganishi wa haki hudai ukubwa wa sauti ulinganishwe kwanza, kisha msikilizaji ajaribiwe bila kujua anasikiliza programu ipi. Akipatia mara 12 au zaidi kati ya 16, hayo ni matokeo ambayo mtu anayebahatisha tu huyafikia kwa uwezekano wa chini ya asilimia 4.

Vilevile, hakuna programu inayoweza kurejesha kilichokwisha kupotea. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubeba takribani sehemu moja kati ya 11 ya data za CD. Mtafiti aliyehifadhi rekodi zake kwa namna hiyo hatapata nafuu kwa kubadili programu.

Kasi inapopunguzwa

Mtazamo wa pili nao una udhaifu, kwa kuwa unukuzi haufanyiki katika kasi ya kawaida pekee. Hapa programu hutofautiana kwelikweli. Kichezeo cha kasi cha Audacity hupunguza kasi pamoja na kidatu: nusu ya kasi hushusha sauti yote kwa oktavu moja. VLC, kwa mpangilio wake wa kawaida, hulinda kidatu kwa kuikata sauti katika vipande vifupi mno na kuvipandanisha. Kila njia ina hasara yake.

Kikuria ni lugha ya toni yenye irabu saba. Kushusha kidatu chote kwa kiwango kimoja hakuvunji uhusiano wa toni ya juu na ya chini. Hata hivyo, kunashusha pia mwangwi wa kinywa unaotofautisha irabu zinazokaribiana, na neno moja linaweza kusikika kama jingine. Njia ya pili huhifadhi irabu, lakini huweza kurudia mlio mfupi mkali. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu na kuigonga kwenye fremu ya ala. Pigo moja likiangukia mahali vipande vinapopandana, linaweza kusikika mara mbili.

Athari kwa uhakiki

Hapo ndipo uzito wa suala hili unapoonekana. Mhakiki anaweza kuandika aya nzima kuhusu takriri ya mapigo na kuihesabu kuwa ufundi wa fanani, ilhali pigo la pili limezalishwa na kompyuta. Anaweza pia kufasiri sitiari iliyojengwa juu ya neno ambalo fanani hakulitamka. Mtahini hana njia ya kuugundua upotoshaji huo ikiwa sura ya mbinu imenyamaza.

Hitimisho

Ubora wa programu hautegemei jina lake, bali swali ambalo mtafiti analiuliza kwa rekodi yake. Maneno yanukuliwe kwa njia inayolinda kidatu, mapigo yahesabiwe kwa njia isiyokata sauti, na matokeo yote mawili yathibitishwe katika kasi ya kawaida, ikiwezekana mbele ya fanani mwenyewe. Tasnifu itaje muundo wa faili, programu, toleo lake, na kasi iliyotumika. Maelezo hayo hayazidi sentensi mbili, lakini humwezesha msomaji kutenganisha kazi ya fanani na kazi ya mashine.