Kitenge Kilikwenda kwa Mtu Asiyestahili

Kocha wetu alikosea. Nalisema mapema kwa sababu wengi mlikuwepo Jumamosi ya kupimwa hapa Hewa Bora, Lubumbashi, na wengi mlipiga makofi. Wiki 12 za kukimbia alfajiri zilihukumiwa na mizani ya bafuni iliyowekwa juu ya sementi: aliyepungua kilo nyingi abebe kitenge cha tuzo, basi.

Tuirudie dakika ile. Kijana aliyeshinda alipanda mizani, midomo ikiwa imekauka. Mwenyewe alieleza kwamba hakunywa maji tangu Ijumaa mchana, na alfajiri alikimbia ndani ya koti la plastiki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Alichotoa kwa jasho alikirudisha kabla ya bukari ya jioni, na tuzo ikabaki mkononi mwake.

Kisha akapanda yule mama wa safu ya nyuma. Wiki ya kwanza alisimama mara tatu kabla ya kumaliza mzunguko wa kartie, mkono kiunoni. Wiki ya mwisho aliumaliza bila kusimama, tena akipiga soga na jirani yake. Kitenge chake sasa kinapishana kiunoni kwa kiganja kizima zaidi ya zamani. Mizani ikaonyesha amepungua nusu kilo. Kocha akasema mbele ya watu wote: "Mama, hukujikaza." Mama akavaa kandambili zake akaondoka.

Kocha anajua mwili kuliko hivyo. Misuli ni mizito kuliko mafuta ya ujazo uleule, na misuli inayofanya kazi huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, ambayo kila gramu yake hushika karibu gramu tatu za maji. Tumbo linaweza kupungua huku sindano ya mizani imesimama palepale. Hata mtu asiyefanya lolote huweza kupanda au kushuka kilo moja, mbili, kati ya asubuhi na jioni.

Makoti ya plastiki nimeyapinga miaka mingi na sitachoka. Hayachomi mafuta. Yanakamua maji, na kwenye joto letu la Oktoba yanaweza kumwangusha mtu.

Mizani imewadanganya watu hata kwa bingwa. Wazee wa Lubumbashi wanaikumbuka Kinshasa ya enzi za Zaire, tarehe 30 Oktoba 1974. Bondia Muhammad Ali aliingia ulingoni na kilo 98 na kidogo, akastahimili ngumi za George Foreman kwenye kamba, kisha akamwangusha raundi ya nane. Tarehe 2 Oktoba 1980, huko Las Vegas dhidi ya Larry Holmes, alipimwa akakutwa na karibu kilo 99. Uzito uleule, tofauti haifiki hata kilo moja! Watu walimwona mwembamba, wakasema Ali wa Zaire amerudi. Lakini alikuwa ameshuka kutoka zaidi ya kilo 110 huku akimeza dawa za tezi, na mwilini hamkuwa na kitu. Hakuweza kukwepa wala kurusha ngumi. Baada ya raundi ya kumi kocha wake, Angelo Dundee, alilisimamisha pambano. Mizani haikutofautisha Ali wa Kinshasa na Ali yule.

Kuhusu mazoezi yenyewe sina lawama: kocha wetu alifika kwa saa, alifundisha kuchuchumaa vizuri, na hakuna aliyeumia goti.

Awamu ijayo aje na utepe wa fundi cherehani. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kubana tumbo. Kila mtu ahesabu mapigo ya moyo dakika nzima akiamka, kabla hajatoka kitandani, ayaandike kwenye daftari. Na kila mwezi tukimbie dakika 12, jaribio la daktari Kenneth Cooper la mwaka 1968, tuone nani amefika mbali kuliko alivyofika mwezi uliopita. Saa na chaki vinatosha.

Na kabla ya hayo yote, kocha, pita kwa yule mama umwombe radhi. Jumamosi hii hakuja.