Leza inaona mbali, lakini kioo je?

Ukisoma tangazo la roboti ya ndani ya nyumba siku hizi, sifa utakayokutana nayo mapema ni leza: inazunguka nyuzi 360 na kuchora ramani ya nyumba nzima. Sawa, hayo ni kweli. Ila tangazo linakuambia kihisi kinaona nini, halikuambii kinapitwa na nini. Na ajali hutokea hapo hapo kinapopitwa.

Chukua RHINO, roboti iliyotembeza wageni katika Deutsches Museum mjini Bonn, Ujerumani, mwaka 1997. Ilikuwa na leza, sona, infraredi, kamera na vihisi vya kugusa. Utasema imekamilika, sivyo? Lakini makumbusho yamejaa makabati ya vioo. Leza hutuma mwanga na kusubiri urudi. Kwenye kioo mwingi unapenya tu, kwa hiyo roboti inaamini njia iko wazi. Sona nayo, sauti ikipiga kioo kwa mshazari, inaruka upande wa pili badala ya kurudi.

Watafiti walifanya jambo ninalolisifu: hawakujidai kwamba vihisi vinatosha. Waliweka vizuizi hivyo kwenye ramani, kisha programu ikawa inavihesabu kama vile vimeonekana. Na kwa kuwa roboti huwa haina uhakika kamili ilipo, walichagua umbali wa tahadhari.

Hata hivyo, dawa hii ina mipaka. Inalinda dhidi ya kioo kilichokwisha kuchorwa. Mlango wa kioo uliokuwa wazi asubuhi na kufungwa mchana, ramani haina habari nao.

Mapengo si ya kioo peke yake. Leza inayopima usawa mmoja inaona miguu ya meza, haioni ubao wake. Ngazi za kushuka nazo zinaonekana kama sakafu tupu, mpaka uweke kihisi kinachotazama chini.

Kwa hiyo wewe unayejenga roboti ya mradi wa chuo, usikimbilie leza ya bei kubwa ukadhani umemaliza. Anza kwa kuorodhesha vitu ambavyo kila kihisi chako hakivioni. Kama kuna kitu kimekosekana kwa vyote, hapo ndipo pesa yako iende. Roboti inayobeba dawa kwenye korido ya hospitali haitahukumiwa kwa mita inazopima, bali kwa mgonjwa ambaye haikumgonga.