Juu ya papiri ya «bibi wa Yezu»

Mwezi wa Septemba 2012, kule Roma, Karen King, mwalimu wa Harvard, alitangaza kipande cha papiri ambamo Yezu anataja bibi yake. Mwezi wa Aprili 2014 gazeti Harvard Theological Review likapiga chapa maandiko yake.

Imani yetu haivunjwi na kikaratasi. Tunalolaumu ni namna kilivyopimwa. Ariel Sabar, katika kitabu Veritas (2020), anaeleza ya kwamba wapimaji wa kwanza walikuwa watatu: wawili walikuwa na mashaka, na yule aliyekubali ndiye aliyemsaidia mwandishi tangu mwanzo. Kwetu vitabu vingine vyataka Nihil obstat. Lakini mchunguzi aliye mwenzi wa mwandishi anafaa nini? Tena wenye elimu wengine walikuwa wamekwisha kuonyesha ya kwamba maneno yaliokotwa katika Evanjili iitwayo ya Toma, pamoja na kosa la chapa ya siku hizi! Papiri ilipimwa, ikaonekana ni ya kale kweli, aliyeileta hakuchunguzwa. Sabar alipomfuata, mwaka 2016, King mwenyewe akakiri ya kuwa yaelekea ni ya uwongo. Gazeti likakataa kufuta maandiko yale.