Juu ya Neno "Haki" katika Mafundisho ya Imani

Watu wanaopima Biblia ya Kiswahili huuliza kwanza neno limetoka wapi: ni la Kiarabu au la Kibantu? Swali hilo ndilo lililomwongoza Karl Roehl, ambaye katika Biblia yake ya mwaka 1937 alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu, ili watu wa bara wasikie kwa urahisi. Twaistahi kazi yake, lakini twaona liko swali lililotangulia. Dhambi ni neno la Kiarabu, wala hakuna Mkristo asiyelijua. Yatupasa kuuliza hivi: neno hili lafanya kazi gani sokoni, shambani na barazani, kabla ya kuingia kanisani?

Tutwae neno kukomboa. Mtu aliyeweka minazi yake rehani ajua maana yake: hulipa deni, nayo minazi humrudia. Huko Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa kuu likajengwa mahali pake, neno hili halikuhitaji mfasiri.

Sasa tutazame "kuhesabiwa haki", kama ilivyo katika Waraka kwa Warumi katika Biblia ya mwaka 1952. Katika maneno ya kila siku, haki ni kitu ambacho mtu hudai: haki ya mrithi, haki ya mfanya kazi. Bibi mmoja katika darasa la ubatizo alituuliza, "Mwalimu, ni nani aliyenidhulumu hata nihesabiwe haki yangu?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana alikuwa amesikia sawasawa na lugha yake. Mtume afundisha ya kwamba mkosaji hupewa asichostahili. Yeye alisikia ya kwamba mdai atalipwa kilicho chake. Fundisho zima limepinduka.

Hatusemi neno lifutwe, kwa kuwa limekwisha kukaa katika sala za watu. Twasema mwalimu asilitaje peke yake. Na aanzie barazani: mshitakiwa amesimama mbele ya wazee, kosa lake lajulikana, naye mwamuzi amwambia, "Nenda, huna deni," kwa kuwa mwingine amemlipia. Yule bibi alipoelezwa hivyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe sikudai kitu; nimepewa tu."

Wasomaji walio na neno bora katika lugha za kwao na watuandikie.