Juu ya Neno "Kanisa la Wahindi"

Watu wengi wa Dar es Salaam huvuka kwenda Unguja kuutazama Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2000. Safari si ndefu: chombo huondoka karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu, na kwa muda wa saa mbili hivi abiria wamefika. Warudipo Kariakoo husimulia habari za milango ya nakshi, za Ngome Kongwe, na za "makanisa ya Wahindi". Neno hili la mwisho twaliona hata katika insha za wanafunzi, nasi hatuna budi kulipinga.

Kwanza, neno Wahindi lachanganya watu wa namna nyingi. Wahindu wana hekalu lao Hurumzi. Waismailia ni Waislamu, na nyumba yao ya sala huitwa jamatkhana. Mabohora nao ni Waislamu, na wana misikiti yao. Wagoa ni Wakatoliki, nao tangu zamani wamesali katika kanisa lenye minara miwili. Basi, likipimwa sawasawa, "kanisa la Wahindi" lingekuwa hilo la Wagoa. Na msemaji hakulikusudia hilo hata kidogo!

Pili, wako Wakristo wasiopenda kusema hekalu, kwa kuwa katika Biblia neno hili ni la nyumba ya Mungu ya Yerusalemu. Heshima yao twaifahamu, lakini hoja haitoshi. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, wala halikuzaliwa katika tafsiri zetu. Na Biblia hiyo hiyo yataja hekalu la Artemi, mungu wa Waefeso.

Wala jamatkhana si neno la kutisha. Sehemu ya kwanza ni ndugu ya jamaa na jumuiya. Ya pili ni neno la Kiajemi, maana yake nyumba, nalo limo katika karakana yetu ya kila siku.

Mtu atauliza, yadhuru nini? Na tutazame upande wetu. Pale Mkunazini Askofu Steere alijenga kanisa kuu mahali pa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mgeni akiliita "msikiti wa Wazungu", tutaudhika, maana kwa neno moja atakuwa amefuta imani ya wasalio humo na habari ya mahali penyewe. Tusiwatendee wenzetu tusilopenda kutendewa.

Tena hapana haja ya kungoja chombo. Kutoka Kariakoo mtu aweza kwenda kwa miguu hadi mtaa wa Kisutu, mahali pa mahekalu ya Wahindu. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake huko, wamwulize mlinzi kwa adabu jina la nyumba, ndipo waandike insha.